Nyuzi za Ulimwengu na Alama Zake katika Nuru ya Kale

Na Mwandishi Wetu

Msafiri atokaye Mpanda kuelekea Sumbawanga, akishaipita Sitalike na kuivuka Hifadhi ya Taifa ya Katavi, huwasili Kibaoni, katika nchi ya Mpimbwe inayosifika kwa mpunga. Na tuchukue mfano wetu hapo hapo, ndani ya jaruba. Watu watano wanaingia kupandikiza miche kabla hapajapambazuka, kila mmoja kwenye kona yake, bila kamba ya kunyooshea mistari na bila msimamizi. Kila mmoja ataipanga mistari yake barabara, lakini mwelekeo atauchagua mwenyewe. Jua likichomoza na wapandaji wakikutana katikati, mistari haitapatana. Patabaki mahali ambapo safu za huyu zinagota kwenye ubavu wa safu za yule, na hapo hapana mpangilio wowote. Hakuna aliyefanya uzembe, ila waliokuwa mbalimbali hawakupata muda wa kushauriana kabla ya kuanza kazi.

Mwaka 1976 mwanafizikia Tom Kibble, mzaliwa wa Madras nchini India aliyekuwa akifundisha Imperial College mjini London, alitoa hoja ya namna hiyo hiyo kuhusu ulimwengu mzima. Ulimwengu ulipokuwa mchanga ulikuwa na joto kali mno. Kadiri ulivyotanuka ndivyo ulivyopoa, na yamkini katika kupoa ulipitia mabadiliko ya ghafla ya hali, mithili ya samli inavyoganda asubuhi ya baridi. Katika badiliko la namna hiyo kila eneo hulazimika kushika mwelekeo mmoja miongoni mwa mingi iliyo sawa. Na kwa kuwa hakuna habari inayosafiri haraka kuliko nuru, maeneo yaliyokuwa mbali mno hayakuweza kuafikiana. Palipokutana mielekeo isiyopatana, pakabaki kile ambacho wanafizikia hukiita kasoro.

Msomaji aliyezoea kuisoma Suratul-Mulk huenda akalistukia neno hilo, na ana haki ya kuuliza. Basi na afahamu kuwa hapa ni istilahi tu ya fani, iliyoazimwa kutoka kwa wanaochunguza madini na barafu. Haimaanishi kwamba kitu kimeharibika. Maana yake ni mahali ambapo mpangilio wa upande mmoja haukuweza kuungana na mpangilio wa upande wa pili.

Kasoro zenyewe zina maumbo mbalimbali. Ziko zinazoweza kuwa kuta, ziko za nukta moja ambazo zingekuwa sumaku zenye ncha moja tu, na iko misokoto ambayo tutaifikia. Lakini zilizowashughulisha wataalamu kwa muda mrefu zaidi ni zile zenye umbo la uzi. Ili kuzielewa, mzazi na amtazame mtoto wake kisogoni baada ya kunyolewa. Nywele zinapoanza kuota, kuna mahali zinapozunguka kama maji yanayoingia shimoni. Nywele zote za kandokando zina mwelekeo, lakini pale katikati hapana mwelekeo hata mmoja. Chana utakavyo, utalisogeza zingo hilo kidogo huku au kule, lakini halitatoweka, kwa kuwa ukilizunguka kwa kidole mwelekeo wa nywele nao unazunguka duara kamili. Kichwani zingo hilo ni nukta. Katika anga lenye urefu, upana na kina, mazingo ya namna hiyo yangepangana yakawa mstari, na mstari huo ndio uzi wa ulimwengu. Haungekuwa na mwisho: ama unajifunga kama pete, ama unaendelea mbele bila kikomo. Na ndani yake, katika wembamba usioelezeka, uliopungua mno kuliko upana wa chembe ya atomu, ingelifungiwa ile hali ya zamani ya joto kali ambayo sehemu nyingine zote zimekwisha kuiacha.

Uzi mwembamba namna hiyo ungepaswa kuwa mwepesi, lakini hesabu inasema kinyume chake. Ikiwa nyuzi hizo zilizaliwa katika joto ambalo nadharia zililitarajia, uzi wa urefu wa mita hamsini na kitu hivi ungelingana kwa uzito na Mwezi mzima. Huo ni urefu wa nusu uwanja wa mpira. Ndiyo maana Yakov Zeldovich wa Urusi mwaka 1980, na Alexander Vilenkin wa Marekani mwaka uliofuata, walipendekeza kuwa nyuzi hizo ndizo zilizokusanya vumbi na gesi mpaka zikapatikana galaksi. Swali likawa kubwa ghafla. Halikuwa tena swali la kitu cha ajabu kilichojificha angani. Lilikuwa swali la nini kilichoufanya ulimwengu uwe na galaksi, na nyota, na ardhi ya kukanyaga, badala ya kuwa ukungu uliotandazwa sawasawa.

Jawabu lilitafutwa katika nuru ya kale kuliko zote. Wasomaji wa makamo wanakumbuka televisheni za zamani, kabla ya ving'amuzi, zilivyojaa chenga usiku baada ya matangazo kufungwa. Sehemu ndogo ya chenga zile, takriban moja katika mia, ilitoka mbali kuliko kitu chochote ambacho mwenye televisheni aliwahi kukipokea nyumbani kwake. Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Kwa miaka 380,000 hivi ya mwanzo ulikuwa kama moshi mzito unaong'aa. Nuru haikuweza kupenya. Kisha ukapoa kufikia digrii kama 3,000, atomu zikaundika, moshi ukawa angavu, na nuru ikaachiliwa. Nuru ile ingali inasafiri. Imenyooshwa na kutanuka kwa anga mpaka imekuwa mawimbi ya maikrowevu, ya jamii ile ile inayotumika kupashia chakula, na joto lake limeshuka hadi digrii 2.7 tu juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya digrii 270 chini ya kiwango cha maji kuganda.

Arno Penzias na Robert Wilson waliinasa mwaka 1964 huko New Jersey, Marekani, bila kuitafuta. Walidhani ni hitilafu ya antena, wakafikia hadi kuwafukuza njiwa na kusafisha kinyesi chao. Mlio haukukoma, na mwaka 1978 ukawapatia Tuzo ya Nobel. Ilipofika mwaka 1992, wataalamu wa setilaiti ya COBE ya Marekani walitangaza kuwa nuru hiyo si sawasawa kabisa. Kuna mahali pana joto zaidi na mahali pana baridi zaidi, kwa tofauti ya sehemu moja katika laki moja hivi. Kwa wakazi wa Katavi wanaolijua Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofika mita 1,470, hiyo ni sawa na viwimbi vya sentimita moja na nusu juu ya kina chote hicho. Viwimbi hivyo ndivyo mbegu za galaksi. Nani alivitia?

Hapa ndipo historia inapopita nyumbani kwetu. Miongoni mwa waliozishughulikia kasoro za ulimwengu kwa bidii kubwa ni Neil Turok, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1958. Wazazi wake, Ben na Mary Turok, walifungwa kwa kupinga ubaguzi wa rangi. Baba alitumikia miaka mitatu gerezani. Familia ikakimbia. Kabla ya kuhamia Uingereza iliishi Kenya na kisha Tanzania, na mtoto Neil akasoma hapa, mwishoni mwa miaka ya 1960. Mkoa wenye Katumba na Mishamo hauhitaji kuelezwa mtoto wa mkimbizi ni nani. Pengine unahitaji kuelezwa tu kwamba mmoja wao alikuja kukaa meza moja na wanaouliza ulimwengu ulianzaje.

Akiwa na umri wa miaka 17 Turok alikwenda kufundisha katika shule ya kijijini nchini Lesotho. Amewahi kusimulia kwamba siku moja aliwatoa wanafunzi nje akawataka wakadirie urefu wa jengo la shule kwa macho. Mmoja, mdogo kuliko wote, akalala chini na chaki akiandika hesabu. Alipoulizwa, akajibu kuwa amepima tofali moja, amehesabu matofali yote kwenda juu, na sasa anazidisha. Kisa hicho kilibaki moyoni mwake. Mwaka 2003 alianzisha Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati huko Muizenberg, karibu na Cape Town, na mwaka 2014 tawi la Tanzania likafunguliwa Bagamoyo.

Kazi yake kuhusu kasoro inafanana na ya yule mtoto wa tofali. Mwaka 1989 alitoa nadharia kwamba mbegu za galaksi hazikuwa nyuzi bali misokoto: mafundo ya mwelekeo yaliyotapakaa angani, ambayo kila moja hujikunja, hunywea kwa kasi ya nuru, kisha hufumuka na kutoweka, likiacha mtikisiko mahali lilipokuwa. Mwaka 1991 yeye na wenzake watatu walionesha katika jarida la Science kwamba mambo kama hayo yanaweza kutazamwa maabara katika fuwele za majimaji, kitu kile kile kinachotumika katika vioo vya vikokotoo. Kimiminika kikipoa ghafla, nyuzi zinatokea, zinakatana, zinaungana, zinapungua. Hoja ya Kibble, basi, ni ya kweli kwa vitu tunavyovishika. Lililobaki ni kama mbingu nayo ilipita njia hiyo.

Je, uzi ungeacha alama gani katika nuru ya kale? Mama anayepika chapati anaweza kulionesha jambo hili kwa watoto jikoni. Chukua chapati ya duara, kata kipande chembamba kutoka katikati hadi ukingoni, kitoe, kisha uunganishe kingo mbili zilizobaki. Chapati haitalala tena. Itasimama kama kawa la kufunikia chakula. Uzi wa ulimwengu huifanyia anga hivyo hivyo: anga inayouzunguka imepungukiwa kipande kidogo cha duara, kidogo kiasi kwamba jicho lisingekitambua. Siafu wawili wakitembea sambamba juu ya kawa hilo, mmoja kulia na mwingine kushoto mwa ncha, watajikuta wanakutana upande wa pili bila yeyote kukata kona. Nuru nayo hufanya vivyo hivyo. Galaksi moja iliyo nyuma ya uzi ingeonekana mara mbili, pacha wawili wasio na tofauti.

Na ikiwa uzi unakimbia, nuru inayopita nyuma yake huongezewa nguvu kidogo kuliko ile inayopita mbele. Nick Kaiser na Albert Stebbins walilionesha hilo mwaka 1984. Kwa hiyo ramani ya nuru ya kale ingekuwa na mshono: huku joto, huku baridi, na kati yake mpaka mkali ulionyooka, kama mahali ukili mmoja wa mkeka unapokutana na ukili uliotiwa rangi nyingine. Viwimbi vya kawaida havina mipaka mikali. Hupanda na kushuka polepole. Mshono mmoja tu wa hakika ungetosha kubadili vitabu vyote vya fani hii.

Kulikuwa na alama nyingine, na hiyo ndiyo iliyoleta hukumu. Katika ule moshi wa mwanzo mawimbi ya sauti yalikuwa yakivuma. Ikiwa yote yaliamshwa kwa pamoja mwanzoni kabisa, yangekwenda kwa mapigo yanayolingana, kama akina mama wawili wanaotwanga katika kinu kimoja, mchi huu ukipanda huo unashuka, bila kugongana. Ramani ya mbingu ingeonesha mapigo hayo kama vilele vinavyofuatana, cha kwanza kikiwa cha madoa yenye upana wa digrii moja hivi. Lakini nyuzi na misokoto hazikuanza mara moja zikanyamaza. Zingeendelea kuutikisa moshi huku na huko, kila moja kwa wakati wake, kama watu mia wanaotwanga bila kusikilizana. Mapigo yangevurugana, na mahali pa vilele pangebaki kilima kimoja butu.

Mwaka 1997 Turok, pamoja na Ue-Li Pen na Uroš Seljak, alikamilisha hesabu ndefu ya kompyuta kuhusu yale ambayo kasoro zingepaswa kuyaandika mbinguni. Matokeo hayakulingana na yaliyokwisha kupimwa. Ndivyo mtu aliyeitetea nadharia kwa miaka minane alivyoweka jina lake kwenye waraka uliouonesha umma kwamba haisimami. Mwandishi wa makala haya anaona kuwa sehemu hiyo ya kisa inastahili kusomwa mara mbili na yeyote anayelea mwanafunzi nyumbani. Miaka mitatu baadaye vipimo vya puto la BOOMERANG, lililorushwa juu ya bara la Antaktika, vilionesha kilele cha kwanza waziwazi, mahali pale pale kilipotarajiwa na wale waliosema mawimbi yaliamshwa kwa pamoja. Galaksi hazikupandwa na nyuzi.

Wapo waliodhani shauri limekwisha. Lakini kusema kwamba nyuzi hazikuwa wakulima wakuu si sawa na kusema kwamba hazikuwamo shambani. Mwaka 2003 watafiti wa Urusi na Italia walitangaza kuwa wameona galaksi pacha, zinazofanana kwa kila kitu, na matumaini yakapanda. Mwaka 2006 darubini ya Hubble ikazitazama kwa makini ikabaini kuwa ni galaksi mbili tofauti zilizojirani tu. Kisha ikaja setilaiti ya Planck ya Ulaya, iliyorushwa Mei 2009. Matokeo yake ya mwaka 2013 hayakuwa na mshono wowote. Yalisema kwamba mchango wa nyuzi katika viwimbi vya mbingu, kama upo, hauzidi asilimia chache, na kwamba uzi wenyewe lazima uwe mwepesi zaidi ya ulivyodhaniwa: ili kufikia uzito wa Mwezi ungehitaji zaidi ya mita 350, si hamsini.

Limebaki doa moja. Mwaka 2004 Patricio Vielva na wenzake wa Hispania, wakiichunguza ramani ya setilaiti ya WMAP, walikuta eneo lenye baridi kupita kawaida, kubwa kuliko madoa mengine ya namna yake. Linapungukiwa joto kwa kiasi cha sehemu moja ya elfu kumi ya digrii. Mwaka 2007 Marcos Cruz, Turok na wenzao waliandika kuwa umbo lake linalingana na alama ambayo msokoto mmoja ungeiacha wakati wa kunywea, nuru ikipita katikati ya mtikisiko huo na kupoteza sehemu ya nguvu zake. Hawakudai kuwa wamethibitisha. Walisema kwamba ikiwa ni hivyo, basi pawepo na madoa mengine madogo ya jamii hiyo. Planck ililiona doa lenyewe tena, kwa hiyo si hitilafu ya chombo, lakini wale wadogo zake hawajapatikana. Mwaka 2015 kundi lililoongozwa na István Szapudi liligundua upande huo huo pengo kubwa la anga lenye galaksi chache. Pengo lingeweza kupooza nuru kiasi fulani, ila hesabu zinaonesha kuwa kiasi hicho ni kidogo kuliko baridi inayoonekana. Wengine husema ni bahati nasibu tu.

Utafutaji nao umehamia pia kwenye kitu kingine. Pete za nyuzi zinapotetemeka zingetoa mawimbi ya mvutano, na mwezi Juni 2023 watafiti wa NANOGrav, wanaopima mapigo ya nyota ziitwazo pulsa, walitangaza dalili za mvumo wa mawimbi hayo ukitoka kila upande wa mbingu. Maelezo yanayopewa uzito zaidi ni mashimo meusi makubwa yanayozungukana katikati ya galaksi. Nyuzi za ulimwengu zimo katika orodha ya maelezo mengine.

Lile doa la baridi halionekani kwa macho, lakini mahali lilipo panaonekana, na kwa giza la usiku wa Kibaoni panaonekana vizuri kuliko mjini. Liko katika kundi la nyota ambalo wanafalaki wa Kiarabu, akiwamo Abdurrahman as-Sufi aliyeandika kitabu chake cha nyota katika karne ya 10, waliliita Nahr, yaani mto; nyota yake ya mwisho upande wa kusini mpaka leo huitwa Achernar, kutokana na 'akhir an-nahr', mwisho wa mto. Mwanzoni mwa Januari, saa tatu usiku, mvua ikipisha na mawingu yakifunguka, mtafute Rigel, nyota nyeupe yenye kung'aa ambayo jina lake nalo latokana na neno la Kiarabu la mguu. Itakuwa juu upande wa mashariki. Nyoosha mkono, kunja ngumi, na upime ngumi tatu kutoka hapo kwenda magharibi, ukiinamia kusini kidogo. Utafika karibu na utosi wa mbingu, mahali pasipo na nyota yoyote kubwa. Doa lina upana unaokaribia ngumi moja.